Kozi wa Kwapa Jeupe

Jumamosi, 7 Septemba. Jinja

Wamefika! Niliwasikia kabla sijawaona. Nilikuwa nakaanga chapati uani, sauti ikapita juu ya paa, prruu, prruu, nikauachia mwiko uanguke, nikakimbilia barabarani na kanga ya jikoni. Keremu! Kundi zima la ndege hao wala nyuki, koo za njano, wanazunguka juu ya mnara wa simu kama wanaotafuta mtandao. Mwezi uliopita walikuwa wanakula nyuki wa Ulaya, sasa baridi inawafukuza wanakuja kula wa kwetu. Karibuni sana, nyuki wapo.

"Mama Aminah, chapati inaungua!" Bruhan akaita kutoka ndani.

"Wacha iungue! Nitakaanga nyingine. Keremu watanisubiri?"

Huyo ndiye mume wangu. Ana studio ya picha mjini, harusi na mahafali. Mimi ni mpiga picha wake wa pili, na mwizi wake wa kwanza, maana ile lenzi ndefu aliyonunua ya kupigia harusi za uwanjani nimeichukua mimi. Tangu hapo imeona ndege kuliko ilivyoona maharusi.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kwetu. Baba alikuwa afande kwenye kambi ya Kimaka, na sisi watoto wa kambini tulilelewa kwa Kiswahili na kwata. Hapa Uganda Kiswahili ni lugha ya askari, basi majirani wakinisikia nafoka wananyamaza kimya, wanadhani nakuja kukamata mtu. Hainisumbui, inanisaidia.

Msimu umefunguliwa!

Jumatano, 11 Septemba

Kunguru tu. Kunguru na Bruhan.

Jumapili, 15 Septemba

Leo nilikuwa ufukwe wa Masese na Edinah. Membe wamejaa pale ziwani, weupe, wepesi, wanachota maji kwa mdomo wakipita bila hata kulowa. Nimepiga hadi kidole kimekufa ganzi.

Edinah Odero ni Mkenya, kazi yake ni kutoa mizigo forodhani Busia, na ndiye mkuu wa kundi letu la kutazama ndege, Macho Juu. Mwanamke mrefu, kofia pana, chupa ya chai haimtoki mkononi. Kila ndege tunayemwona tunampelekea yeye, naye ndiye anayeamua aingie kwenye kumbukumbu za kundi au asiingie. Mzigo usio na karatasi haupiti Busia, na ndege asiye na picha hapiti kwa Edinah. Mwaka jana mtu wa Tororo aliapa kwa mama yake kwamba amemwona bundi fulani, Edinah akamjibu, "Msalimie mama. Picha iko wapi?"

Mimi ananiamini, na ninajivunia. Miaka mitatu sijawahi kurudishiwa ndege hata mmoja.

Isiko, anayeanika mukene pale kwenye mwalo, alikuwa anawafukuza membe kwa fagio. Mukene ndio dagaa wetu. Akanipigia kelele, "Mama Kamera! Hao watoto yako wanakula samaki yangu!"

"Ongea nao mwenyewe, Isiko, mimi hawanisikii!"

Akacheka, akanipa kiti. Nimerudi nyumbani nanuka samaki, na furaha tele.

Jumapili, 22 Septemba

Siku nzima studio. Bruhan anasafisha. Hilo ndilo neno lake, kusafisha: chunusi anatoa, weusi chini ya macho anatoa, na kama nyuma ya bibi harusi kuna pipa la takataka, pipa linaondoka na maua yanaota. Halafu anawang'arisha. Maharusi wote wa Jinja wakitoka kwa Bruhan ni weupe kama wamelala kwenye unga. Watu wanapanga foleni, siwezi kubisha.

Pale kwenye kioo cha mbele kuna picha yetu ya harusi. Mimi nina kovu juu ya nyusi, nilianguka kutoka kwenye mpera kambini nikiwa mdogo. Kwenye picha halipo. Ngozi yangu imekuwa ya mtu wa Oman. Mama yangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Na Rashidah yuko wapi?"

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Hata kunguru wamejificha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Harusi huko Budondo. Mbayuwayu! Walikuwa wamejipanga kwenye nyaya za umeme nyuma ya hema, mamia, wachanga kabisa, mikia yao bado mifupi, wamevuka jangwa zima na mikia mifupi hiyo. Nikawapiga, nikawapiga, nikasikia vigelegele nyuma yangu. Kugeuka, keki imeshakatwa.

Nyumbani ndipo Bruhan akanigeukia. "Mama Aminah, nimewaambia keki ilikatwa upande wenye giza. Nimedanganya watu kwa ajili ya mbayuwayu."

"Wametoka mbali kuliko bibi harusi," nikamwambia.

Alicheka, lakini kicheko cha upande mmoja. Namjua. Ana haki yake, ila mbayuwayu pia wana haki yao.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kipanga mmoja, mbali, yawezekana wa hapa hapa. Nimekula mihogo.

Alhamisi, 7 Novemba

Polepole, Rashidah, anza mwanzo.

Nilikuwa Masese asubuhi. Usiku mvua ilinyesha, kukapambazuka shwari, na inzi wa ziwani wakainuka juu ya maji kama moshi. Mbayuwayu wakaingia humo, membe wakaingia. Isiko anaweka mukene wake juani, mimi nakula andazi lake. Ndipo akapita ndege mweusimweusi, bawa refu limechongoka. Kozi, nikasema. Makozi wanapita hapa kila mwaka, sikushtuka. Akageuka. Miguu myekundu! Andazi likaanguka.

Sasa kuna makozi wawili wanaofanana kama mapacha, wote wa kijivu cha mkaa, wote miguu myekundu. Mmoja ana kwapa jeusi. Mwingine, kozi wa Amur, anatoka China na Siberia huko, anavuka bahari kuu kwa bawa lake mwenyewe, na kwapa lake ni jeupe pe. Njia yake iko mashariki ya kwetu, kundi letu halijawahi kumwandika hata mara moja. Tofauti yote iko kwapani.

Nikamwomba Mungu, nikasema inua bawa, baba, inua bawa. Akapita juu ya vichanja vya mukene, akajipinda, akainua.

Jeupe! Jeupe, jeupe, jeupe!

Nilipiga kelele mpaka Isiko akashika fagio akidhani nimeibiwa. Nilimkumbatia, Mwenyezi Mungu anisamehe, nanuka mukene mpaka sasa. Nikatazama kwenye kioo cha kamera: picha moja tu safi, lakini ni ile yenyewe. Bawa juu, kwapa wazi, vichanja chini yake, moshi wa jiko la Isiko pembeni. Zilizobaki ni ukungu na mikia, nikazifuta pale pale kupisha ndege wengine.

Nimemwambia Edinah kwa simu. Akasema, "Rashidah, nitumie picha kabla sijafa."

Ijumaa, 8 Novemba

Mama ana homa, nimeshinda naye Kimaka. Kamera nilimwachia Bruhan studio, kompyuta iko huko na mtandao una nguvu. Jioni amenipigia: ameshaituma kwa Edinah, tena ameitengeneza nzuri, zawadi yangu. Sauti yake ya furaha kabisa. Mume wangu ameanza kupenda ndege!

Jumapili, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie na ujumbe wa sauti wa Edinah, nimeusikiliza mpaka naujua kwa moyo.

"Rashidah, habari ya jioni. Nimeitazama hiyo picha siku mbili nikitafuta namna ya kukutetea, nimekosa. Hili kwapa limepakwa weupe kwa mkono, hata mtoto anaona. Na hii mbingu naijua. Mawingu matatu, moja kama kiatu. Ndiyo mbingu iliyoko nyuma ya Ashley, binti ya dada yangu, kwenye picha yake ya mahafali, na mlimpiga ninyi. Mimi nilikuamini kuliko wote. Nitumie ile ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera. Usipoleta mpaka nifunge msimu, mwisho wa mwezi huu, itabidi niondoe na ndege wako wote wa nyuma. Sitajua yupi wa kweli. Pole, dadangu, lakini ndivyo ilivyo."

Nilikimbia studio na ndala. Bruhan alikuwa anakunywa chai.

"Baba Aminah, ulimfanya nini ndege wangu?"

"Nilimsafisha!" Anatabasamu, jamani. "Palikuwa pachafu sana, samaki, moshi, miti ya vichanja. Nikamwekea mbingu nzuri. Halafu chini ya bawa palikuwa peupe lakini pamefifia, nikapang'arisha kidogo."

"Ile ghafi iko wapi?"

Tabasamu likashuka. "Kadi? Kadi nilifuta Ijumaa usiku kupisha harusi ya jana, na kwenye kompyuta nimebakiza ile safi tu. Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

Ndivyo tunavyofanya siku zote. Picha ikishasafishwa, ya zamani ya nini? Kadi inafutwa, harusi nyingine inaingia. Nani Jinja amewahi kurudi kuomba chunusi zake?

Nimemwita majina ambayo sitayaandika hapa, baadhi ya kambini, na wateja wawili wakatoka nje. Alikaa akitazama kikombe. "Nilitaka uone naithamini kazi yako," akasema. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana ni kweli.

Jumanne, 12 Novemba

Fundi wa kompyuta amejaribu kuirudisha. Harusi ya Jumamosi imeikalia kadi yote. Amepata nusu ya keki na mguu wa shemeji wa mtu.

Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatano, 13 Novemba

Kundi zima limeshajua. Mtu wa Tororo, yule wa bundi, ameandika, "Sisi wengine hatukuwa na studio." Akaweka na kicheko. Miaka mitatu! Membe wangu wa jua kali, keremu wangu, yule korongo niliyemfuata kwenye matope ya mpunga mpaka kiatu kikabaki huko. Wote sasa wananuka uongo.

Simsemeshi Bruhan. Nampikia, simsemeshi.

Jumamosi, 16 Novemba

Masese tangu alfajiri. Hayupo. Isiko anasema atanishuhudia: "Mimi iliona! Nyeupe hapa, kwa kwapa! Nipigie huyo Mukenya mimi niongee." Nimempigia kweli. Wameongea muda mrefu, mwisho Edinah ameniambia Isiko ni mtu mzuri sana lakini hakuwa na kamera.

Jumanne, 19 Novemba

Hayupo.

Alhamisi, 21 Novemba

Hayupo. Mvua kubwa. Nimepiga picha ya mvua.

Jumapili, 24 Novemba

Moyo wangu umeinuka! Khainza amenipigia. Tulisoma naye, sasa ameolewa Mbale, chini ya mlima wa Wanale. Nilimlilia shida zangu zote, akanisikiliza weee, kisha akauliza, "Huyo ndege anakula nini?"

"Wadudu wanaoruka. Kumbikumbi anawapenda kupita vyote."

"Sasa wewe unakaa kwa samaki unafanya nini? Njoo kwa kumbikumbi, yaaya, dada yangu! Kichuguu chetu bado hakijatoa. Mvua ikipiga na jua likatoka, tunawaita. Wakitoka, ndege za dunia yote wanakuja."

Nilikuwa nasahau! Huko wanapiga mti juu ya kichuguu kwa vijiti, kumbikumbi wanadhani ni mvua, wanatoka. Masese nilikuwa namsubiri ndege anipitie. Mbale ninaweza kumwalika.

Shida ni siku. Edinah anafunga Jumamosi ijayo usiku, tarehe thelathini.

Jumatano, 27 Novemba

Bruhan amenisikia nikimwambia Mama habari za Mbale. Jioni amekuja jikoni, akasimama mlangoni.

"Nitakupeleka."

Sikugeuka. "Jumamosi una harusi."

"Nimempa Jude."

Jude ndiye adui yake, studio ya ng'ambo ya barabara. Bruhan anayeenda harusini na homa, aliyepiga harusi siku ya maziko ya mjomba wake! Nikageuka.

"Umempa Jude harusi?"

"Mimi ndiye niliyemfuta ndege wako," akasema, akasogea akaonja mchuzi. "Chumvi imezidi kwenye hiyo mboga."

Imezidi kweli. Nililia ndani ya sufuria.

Ijumaa, 29 Novemba. Mbale

Tumefika usiku. Mlima umefunikwa na wingu. Mafabi, mume wa Khainza, ametuuliza tumefuata nini, nikamweleza. Akafikiri. "Kwa hiyo ndege ya China inakuja kula chakula ya Mbale, halafu sifa inaenda Jinja?"

Bruhan amecheka mpaka akakohoa. Nami nimecheka. Mara ya kwanza tangu tarehe kumi tunacheka pamoja.

Jumamosi, 30 Novemba

Nitaandika yote, hata kama nitalala alfajiri.

Mvua ilianza asubuhi na haikutaka kwisha. Saa sita bado. Saa saba bado. Nilizunguka nyumba ya Khainza mpaka akanipa maharage nichambue ili nitulie. Saa nane jua likatoka ghafla, ardhi ikaanza kutoa mvuke, na Khainza akavua kitambaa cha kichwa akajifunga kiunoni. "Sasa!"

Kichuguu kiko nyuma ya migomba yao. Ni cha nyumba ya kina Mafabi tangu babu yake, na mtu akija kuwaita kumbikumbi wa kichuguu cha mwenzake, hiyo ni kesi. Wameweka gogo, Mafabi na Khainza wamechuchumaa kila mmoja na vijiti viwili, ta-ka-ta, ta-ka-ta, haraka na kwa usawa, kama mvua inayopiga bati. Pembeni wamechimba shimo na kutega chungu, na juu ya yote kuna blanketi, ili kumbikumbi wakitoka wasiruke, watambae gizani na kuangukia humo.

Nikalitazama lile blanketi, roho ikanishuka.

"Khainza. Wakiwa chini ya blanketi, ndege watakula nini?"

Akaacha kupiga. Akamtazama Mafabi, Mafabi akamtazama yeye. Kwao hicho kichuguu ni mboga ya wiki nzima, ni ya kupelekea wakwe, ni ya kuuza sokoni. Na hutoa mara chache kwa mwaka.

"Nifunue?" Khainza akasema. "Rashidah, majirani watasema nimerogwa."

Sikuweza kumwomba. Akaniangalia uso, sijui aliona nini, akalishika blanketi kwa pembe na kulivuta lote. "Kama nimerogwa, nimerogwa. Mafabi, piga!"

Ta-ka-ta, ta-ka-ta. Bruhan alikuwa amesimama karibu na ndoo, na kamera yake ya harusi, lenzi fupi, alikuwa anawapiga wale wawili. Mkono wake haukai bure. Mimi nimeinua lenzi ndefu, macho juu.

Akatoka mmoja. Wakatoka kumi. Halafu kichuguu kikafunguka, banange! Walimwagika kutoka kila tundu, mabawa yanang'aa juani, wakainuka kama mvuke. Khainza akachota kiganja cha kwanza akala wabichi, akampa Bruhan, na Bruhan wangu, asiyekula hata yai lisiloiva vizuri, akameza.

Ndege wakaja. Sijui nani aliwaambia. Kwanza mbayuwayu, kisha keremu, prruu, prruu, nikawapigia kelele kama ndugu zangu. Kisha mwewe watatu. Anga lilikuwa wazi, halafu halikuwa wazi tena. Nikazungusha lenzi, moyo unadunda mpaka picha inatikisika. Kozi! Kifua chenye michirizi, si yeye. Kozi mwingine, si yeye.

Halafu akaja mmoja kutoka upande wa mlima, chini sana, wa kijivu cha mkaa. Miguu myekundu.

Nikamlenga, akaja moja kwa moja kwangu. Lenzi ikawa inahangaika, zzz, zzz, haikamati. Yuko karibu mno! Lenzi ya kuonea mbali, na ndege yuko hapa juu ya kichwa changu, anadaka kumbikumbi kwa mguu na kula angani. Nilirudi nyuma nikakanyaga tope, nikakaa chini pwaa, lenzi ikajaa matope. Nikaitupa begani, nikainua mikono yote miwili hewani, nikapiga kelele kwa nguvu zote, "Huyoooo! Bruhan, kwapa! Kwapa!"

Kamera yake ikalia kama wakati wa keki. Trrrrr.

Ndege akainua bawa, akapinda juu ya migomba, akaenda zake kusini.

Kumbikumbi wanatutambalia mwilini. Bruhan akatazama kioo cha kamera, akakitazama tena, akaja taratibu akapiga magoti kwenye tope mbele yangu, na suruali yake ya harusini.

"Mama Aminah, tazama."

Jeupe pe. Bawa juu, kwapa wazi kabisa, kumbikumbi mguuni, mguu mwekundu. Na chini yake niko mimi. Ee Mola. Mdomo wazi mpaka jino la nyuma linaonekana, mtandio umelowa umeshuka shingoni, tope mpaka shavuni, videvu viwili, bawa la kumbikumbi limeganda kwenye mdomo. Kovu juu ya nyusi linang'aa kama taa. Nyuma yangu ndoo ya Khainza na sidiria ya Khainza kwenye kamba.

"Zipo nyingine?" nikauliza.

"Kwenye nyingine zote bawa liko chini. Ni hii tu." Akaguna. Namjua huyo mtu, vidole vilikuwa vinamwasha. "Rashidah, ndege sitamgusa. Naapa. Lakini uso wako tu, nifute hata tope, na ile sidiria, dakika mbili. Watu wote wa kundi wataiona. Wa Tororo ataiona."

Nikaifikiria. Sitasema uongo, niliifikiria. Mtu wa Tororo na jino langu la nyuma!

"Ukigusa hata chunusi moja," nikamwambia, "nitarudi kwa Mama, na lenzi nitaondoka nayo."

"Na sidiria ya Khainza?"

Khainza akapaza sauti kutoka kwenye kichuguu, mdomo umejaa, "Wacha waone! Ni mpya!"

Tumeituma ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, kabla ya magharibi. Edinah hajajibu. Saa tatu, hajajibu. Mafabi anakaanga kumbikumbi waliobaki, ni wachache, wametosha sahani moja, na hakuna aliyelalamika. Saa nne nikafungua simu tena, nikakuta ujumbe wake wa sauti.

"Rashidah," akasema Edinah, na sauti ilikuwa inacheka au inalia, sikuweza kujua. "Huyo ni kozi wa Amur, dume, mkubwa, halali. Nimempitisha. Na wako wote wa nyuma wamebaki pale pale walipo. Halafu sikiliza, mimi nakufahamu miaka mitatu, kovu lako nalijua. Kwenye picha yako ya kundi mumeo alilifuta. Hiyo ya kovu ndiyo iliyonimaliza. Mtu anayejua kusafisha kama mumeo, akiacha mke wake atoke hivyo, basi na ndege hajaguswa. Nisamehe, dadangu. Sasa niambie, kumbikumbi mmenibakishia?"

Nimepiga kelele, Mafabi ametoka na panga.

Jumatano, 4 Desemba. Jinja

Keremu hawasikiki tena. Wamepita.

Jumapili, 8 Desemba

Nimefika studio leo nikiwa nimechelewa, na kwenye kioo cha mbele picha yetu ya harusi haipo. Mahali pake, ukubwa ule ule, fremu ile ile ya dhahabu, kuna mimi na mdomo wazi, kozi juu yangu, ndoo, sidiria, vyote.

"Baba Aminah! Utafukuza wateja!"

Bruhan alikuwa ameinama juu ya kompyuta. "Yule wa zamani nilimtengeneza mwenyewe," akasema bila kugeuka. "Huyu nimemwoa."

Hapo akaingia msichana mmoja na shangazi yake, harusi ni Jumamosi. Shangazi akaitazama picha, akasogea, akaitazama tena. Akashika kifua.

"Maskini huyu mama. Amefiwa na nani?"

"Hajafiwa," akasema mume wangu. "Ameona ndege."